Jinsi ya kuleta kipimo cha kumeza cha wagonjwa wa kiharusi kwenye Kiswahili bila kukiharibu

Huu mwongozo ni kwa manesi, madaktari, watu wa fizio, wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, na yeyote aliyewahi kusimama wodini akaona ndugu wanamnywesha uji mgonjwa ambaye mdomo umepinda na sauti imeshaanza kuwa na majimaji, akajiuliza nani alitakiwa ampime huyu kabla hajapewa kikombe.

Hili jambo sio dogo. Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2005 ulikuta kati ya 37% na 78% ya wagonjwa wa kiharusi wana shida ya kumeza, tofauti inatokana na jinsi walivyopimwa, na mwenye shida hiyo uwezekano wake wa kupata nimonia ni kama mara 3 ya asiye nayo, na yule ambaye chakula kinapita kabisa kwenda njia ya hewa ni kama mara 11. Huko Australia, jimbo la New South Wales, wakachukua wodi 19 za kiharusi, baadhi zikafundishwa mambo matatu tu, kudhibiti homa, kudhibiti sukari na kupima kumeza. Matokeo yakatoka 2011: baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa 42% upande uliofundishwa na 58% upande mwingine. Hakuna dawa mpya hapo wala mashine ya bei mbaya, ni manesi wanaofuata utaratibu uleule kila mgonjwa anapoingia.

Sasa kwetu manesi wanajua Kiingereza cha fomu, tatizo haliko hapo. Tatizo ni kwamba fomu ikiwa ya Kiingereza na mgonjwa ni wa Kiswahili, kila nesi anatafsiri kichwani kwake papo kwa papo, huyu anasema "kohoa kidogo", yule anasema "jisafishe koo", wa zamu ya usiku anatumia maji ya moto kidogo, wa asubuhi anatumia uji, halafu wote wanaandika namba kwenye faili moja kana kwamba wamepima kitu kimoja. Kwa hiyo kazi yetu ni kuhakikisha kinachosemwa, kinachopewa mgonjwa na kinachohesabiwa ni kilekile kila mahali, na maneno ni sehemu moja tu ya hiyo kazi, tena sio ngumu kuliko zote.

Chagua kipimo kwanza

Vipo vingi. TOR-BSST ya Toronto, ya Rosemary Martino na wenzake, ilichapishwa 2009, nzuri sana ila ina leseni na mafunzo yake rasmi, huwezi kuidaka tu ukaanza. Kuna kile cha kunywa maji mililita 90 mfululizo bila kupumzika, rahisi mno, ila kinakuambia amepita au hajapita basi, hakikuambii ale nini leo mchana. Halafu kuna GUSS (Gugging Swallowing Screen), iliyotokea Gugging karibu na Vienna, Austria, Michaela Trapl na wenzake wakaichapisha 2007. Mimi nitaitumia hiyo kama mfano mwanzo mwisho kwa sababu mpangilio wake unafaa wodi zetu: inaanza na mate ya mgonjwa mwenyewe, inafuata kitu kizito kama pudini, ndo yanakuja maji, mwisho mkate mkavu, na akishindwa hatua moja unaishia hapo hapo. Jumla ni alama 20, na alama inakupeleka moja kwa moja kwenye ushauri wa chakula.

Kwenye utafiti wa mwanzo walipima wagonjwa 50 wakalinganisha na kamera nyembamba inayopitishwa puani, ile wenzetu wanaita FEES. Kwa mpaka wa alama 14 GUSS iliwakamata wote waliokuwa kwenye hatari ya kupaliwa, 100%, ila iliwazuia pia wengi wasio na shida, maana uwezo wa kuwatambua wazima ulikuwa 50% kundi la kwanza na 69% kundi la pili. Kwa kipimo cha kuchuja hiyo inakubalika, afadhali mtu mzima akae na njaa masaa machache akisubiri mtaalamu kuliko mwenye shida aachiwe kikombe cha chai.

Omba ruhusa, na uombe mapema

Watu wanaruka hii. Kipimo kina wenyewe, kina haki miliki, na wenyewe mara nyingi wanafurahi kuona lugha mpya inaongezeka ila wanataka wajue. Andika barua pepe fupi: wewe ni nani, unatafsiri kwenda Kiswahili cha wapi, utafuata utaratibu gani, na waulize maswali matatu: je kuna tafsiri ya Kiswahili iliyoshaanza (usije ukarudia kazi ya mtu), je kuna toleo jipya kuliko la 2007, na je unaruhusiwa kubadilisha vyakula vya kupimia. Hilo la tatu ni la muhimu kuliko yote, utaona mbele. Na kwa vile GUSS ilizaliwa kwenye mazingira ya Kijerumani, ukimpata mtu anayejua Kijerumani mpe toleo la Kijerumani alilinganishe na la Kiingereza kabla hamjaanza, isije mkatafsiri kasoro ya tafsiri ya kwanza.

Pembeni ya hapo anza kibali cha maadili siku hiyohiyo maana kinachukua muda. Tanzania bara ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, pamoja na kamati ya chuo au hospitali yako, Zanzibar wana kamati yao ya utafiti wa afya, Kenya ni kamati ya maadili iliyosajiliwa halafu leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, Uganda kamati ya taasisi halafu UNCST, baraza la taifa la sayansi. Usipime mgonjwa hata mmoja kabla ya hapo, hata kama ni "kujaribu tu".

Amua ni Kiswahili cha nani

Kiswahili kimoja cha watu wote kwenye kitu kama hiki hakipo. "Udenda" mtu wa Dar anaelewa, muuguzi wa Eldoret anaweza akakuambia yeye anasema "mate kudondoka". "Kupaliwa" pwani hakuna asiyelijua, bara Kenya utasikia "kusakamwa" kwa kitu hichohicho, na wengine "kusakamwa" kwao ni tonge kukwama kooni, ambayo ni habari nyingine kabisa kwenye kipimo hiki. Kiswahili cha Lubumbashi au Bukavu kinahitaji kazi yake peke yake, usiwabebeshe cha kwetu. Ushauri wangu: andika toleo moja la fomu kwa nchi moja, jaribu huko, halafu nchi nyingine ichukue ibadilishe maneno machache na kujaribu upya, ni haraka kuliko kubishana mwaka mzima kutafuta neno la kumfurahisha kila mtu.

Na kumbuka kuna wazee ambao Kiswahili ni lugha ya pili. Bibi wa Hai huko Kilimanjaro aliyekulia kwenye Kichagga, kiharusi kinaweza kikamgusa lugha moja kuliko nyingine, sasa ukimwona haitikii Kiswahili usikimbilie kuandika sifuri. Fomu iseme wazi: ndugu anaweza kurudia agizo kwa lugha ya nyumbani, neno kwa neno, bila kuongeza yake, na nesi aonyeshe kwa vitendo.

Andika karatasi ya maana kabla ya kutafsiri

Hii ndo hatua inayookoa muda kuliko zote. Chukua kila kipengele, andika kwa Kiswahili cha kawaida kinataka kujua nini na kwa nini. Sio tafsiri, ni maelezo. Mfano:

Kuwa macho: mgonjwa aweze kukaa macho angalau dakika 15, kwa sababu ukimpa chakula mtu anayesinzia katikati atakisahau mdomoni. Sasa ukiandika "ana fahamu" umeshakosea, mtu anaweza kuwa na fahamu na bado anasinzia kila dakika mbili.

Kukohoa kwa kuombwa: akohoe au asafishe koo mara mbili kwa hiari yake, tunapima kama anaweza kujiokoa kitu kikienda njia mbaya.

Kumeza mate: unaangalia kama amemeza kweli, koromeo linapanda na kushuka, kama mate yanamtoka, na kama sauti imebadilika.

Sauti kubadilika: unamsikiliza kabla na baada, anasema "ooo". Tunachotafuta ni sauti yenye majimaji, kama kuna maji yanachemka kooni, au inayokwaruza, au iliyofifia kuliko mwanzo. Usiandike "sauti nzito" hata kidogo, nusu ya watu watafikiria sauti ya besi.

Watafsiri wote wapewe karatasi hii isipokuwa wale wa kurudisha kinyume, hao wasiione.

Tafsiri mbili, halafu moja

Utaratibu unaotumika sana ni ule wa Beaton na wenzake wa 2000: watu wawili wenye Kiswahili cha kuzaliwa nacho wanatafsiri kila mmoja kivyake, mmoja anajua mambo ya afya, mwingine hajui kabisa (mwalimu, mwandishi wa habari, mtu wa namna hiyo). Huyu wa pili usimdharau, ndiye atakayekuletea maneno ambayo mgonjwa anayatumia, wakati yule wa afya atakuletea "umezaji" na "zoloto" kwenye kila mstari. Kisha wanakaa pamoja na mtu wa tatu, wanachagua, wanaandika sababu ya kila chaguo. Hizo sababu zitunzeni, mkaguzi wa jarida atazitaka.

Kuna mitego miwili ya GUSS kwenye Kiswahili ambayo lazima mkae nayo.

Wa kwanza ni kikohozi. Kwenye sehemu ya mate, kukohoa ni kitu kizuri na kinapewa alama 1. Kwenye sehemu ya chakula, kukohoa ni kitu kibaya na kinanyimwa alama. Kiingereza nacho kina neno moja ila fomu imeweka kama ni kwa hiari au la, na kwenye tafsiri hayo maelezo madogo ndo ya kwanza kupotea. Andikeni kwa kirefu: "Anaweza kukohoa akiombwa" huku, na kule "Amekohoa bila kuombwa, kabla, wakati au baada ya kumeza, mpaka dakika 3 baadaye". Hizo dakika 3 ziwepo, kuna wanaokohoa wakati nesi kashageuka kuandika.

Wa pili ni ndiyo na hapana. Kwetu "ndiyo" inakubaliana na ulivyouliza. Ukiandika swali la kukanusha, "Mate hayamtoki?", mmoja atajibu ndiyo akimaanisha ndiyo hayamtoki, mwingine atajibu hapana akimaanisha hapana hayamtoki, wote wameona kitu kimoja na alama zimepishana. Na GUSS yenyewe alama zinageuka katikati: kumeza mate ndiyo ni 1, mate kutoka ndiyo ni 0. Kwa hiyo kila swali liwe la kukubali, na pembeni ya kila kisanduku namba iandikwe pale pale, nesi azungushe namba asianze kuhesabu kichwani saa nane usiku.

Maneno ya kumwambia mgonjwa yaandikwe pembeni ya fomu, mafupi, na yawe na heshima. Nesi wetu hatamwambia mzee wa miaka 70 "meza!" kama anamfokea mtoto, akiona hivyo kwenye karatasi atabadilisha mwenyewe na hapo usawa umekwenda. Acheni nafasi ya Baba, Mama, Babu, Bibi, na muweke salamu:

"Shikamoo Baba. Nataka kuangalia unavyomeza kabla hujala."
"Naomba ukohoe kwa nguvu. Mara mbili. Hivi."
"Meza mate, Baba."
"Sema ooo."

Agizo moja kwa wakati mmoja, linafuatwa na kitendo. Mgonjwa ambaye kiharusi kimemwondolea uelewa wa maneno hawezi kushika sentensi yenye "halafu" mbili. Vitendo navyo viandikwe (nesi anakohoa mwenyewe, anagusa koo lake, anafungua mdomo) maana hivyo pia ni sehemu ya kipimo.

Irudishe kinyume

Watu wawili wengine, ambao hawajawahi kuona GUSS, wanaitoa Kiswahili kuirudisha Kiingereza. Usitafute wafanane na asili neno kwa neno. Tafuta pale maana iliposogea. Kama "sauti yenye majimaji" imerudi ikiwa "sauti laini", mna kazi. Kama "polepole" imerudi badala ya "kuchelewa", mna kazi kubwa zaidi, kwa sababu kuchelewa kwenye GUSS kuna sekunde zake: zaidi ya sekunde 2 kwa kizito na maji, zaidi ya 10 kwa mkate, kutafuna kukiwemo. Nesi anaweza akaona mtu anameza "polepole" na bado yuko ndani ya muda.

Kamati

Wakusanyeni watafsiri wote, manesi wawili watatu wa wodi yenyewe, daktari, mtu wa lishe, mtu wa lugha, na mtaalamu wa tiba ya usemi na umezaji. Huyu wa mwisho kwetu ni wachache mno, Makerere wamekuwa wakifundisha shahada hiyo tangu 2008 na wahitimu wao wanapatikana, kamati kama hii inaweza kukutana hata kwa simu ya video. Muwekeni na mtu aliyemuuguza ndugu mwenye kiharusi nyumbani, atawaambia vitu ambavyo nyinyi wote hamuvijui.

Mkitaka namba, wataalamu 6 au zaidi wapime kila kipengele 1 mpaka 4 kwa kufaa kwake, na kipengele ambacho waliokipa 3 au 4 hawafiki 0.78 (yaani 78%) ya wataalamu wote kinarudi mezani. Ila msijifiche nyuma ya namba. Nesi mmoja akisema "hii wodini haitafanyika" msikilizeni huyo kwanza.

Vyakula vya kupimia, hapa kaeni muda mrefu

Hapa ndo tafsiri nyingi zinaharibika huku maneno yake yakiwa safi kabisa. GUSS ya asili inatumia maji yaliyokolezwa kwa unga maalum wa kukoleza mpaka yawe kama pudini, unaanza na theluthi mpaka nusu ya kijiko cha chai, akiwa salama unaendelea mpaka vijiko 5. Unga huo kwetu ni ghali na hospitali nyingi hazina. Kila mtu akili inamtuma kwenye uji.

Uji una shida. Uji wa mahindi au ulezi ukiwa wa moto ni mwepesi, ukipoa unaganda, kwa hiyo mgonjwa wa kwanza saa tatu asubuhi na wa mwisho saa sita wamepimwa na vitu viwili tofauti ndani ya chupa ileile. Halafu wanga unayeyuka kwa mate, kijiko kilichoingia mdomoni kikirudi kwenye kikombe uji unaanza kulegea pole pole. Sio kwamba hautumiki, ila lazima uudhibiti: kipimo cha unga kwa maji kiandikwe kwa gramu na mililita, uchujwe usiwe na madonge, joto lake liandikwe, na kijiko kisirudi kwenye bakuli, chota cha pili kwa kijiko kingine. Parachichi lililoiva likapondwa na kuchujwa vizuri linatulia zaidi, halibadiliki sana kwa joto, ila lina msimu na matunda hayafanani. Mtindi wa dukani nao inategemea, mwingine ni wa kunywa kabisa.

Chochote mtakachochagua kipimeni kwa utaratibu wa IDDSI, yaani ngazi za kimataifa za uzito wa vinywaji na ulaini wa vyakula kwa wenye shida ya kumeza, ambao ni wa bure na unahitaji vitu vya jikoni. Kinachofanana na pudini ni ngazi ya 4. Chota kwenye uma: kinatakiwa kikae juu kama kilima, kidogo kinaweza kuning'inia chini ila kisichuruzike. Chota kwenye kijiko, inamisha, tikisa kidogo: kianguke chote kwa pamoja, kibaki utando mwembamba tu. Kikigoma kutoka kinanata mno, na kinachonata kitamshikia mgonjwa kooni, ndiyo maana ugali laini sio jibu hata kama unaonekana mzito vizuri. Fanyeni hivyo mbele ya kamati, kwa joto lile ambalo mgonjwa atapewa, mrudie baada ya nusu saa muone kama bado. Pigeni picha iwekwe kwenye mwongozo wa nesi.

Maji ni 3, 5, 10, 20 kisha 50 mililita. Hapa tatizo ni vijiko, kijiko cha chai cha nyumba hii sio cha nyumba ile, vingine vinabeba mililita 3 vingine karibu 7. Tumieni sirinji kupimia halafu mimina kwenye kikombe au kijiko, msimmiminie mgonjwa mdomoni kwa sirinji maana hapo unamsukumia na kumeza kwake sio kwa kawaida tena.

Mkate: kipande kidogo cha mkate mkavu. Mkate wetu wa slesi ni laini na mtamu na unageuka donge mdomoni, kwa hiyo amueni ni wa namna gani, wa siku ngapi, ukubwa gani, ganda limetolewa au la. Msiweke chapati, ni ngumu zaidi na mgonjwa atafeli kwa sababu ya mafuta na kutafuna, sio kwa sababu ya koo. Na wazee wengi hawana meno, aandikwe kama ana meno au hana.

Mkibadilisha chakula, semeni wazi kwenye ripoti kwamba hii ni GUSS yenye vyakula vilivyobadilishwa. Zile 100% za Austria hazihami na fomu, mtazitafuta zenu.

Ushauri wa mwisho wa fomu nao unahitaji mkono. Alama 20 chakula cha kawaida, mara ya kwanza chini ya uangalizi. 15 mpaka 19 chakula laini na kinywaji taratibu fundo moja moja. 10 mpaka 14 vya kupondwa laini kabisa, vinywaji vyote vikolezwe, vidonge visagwe vichanganywe na kizito, dawa ya maji hapana. 0 mpaka 9 asipewe kitu kwa mdomo. Pale penye "chakula cha watoto cha kopo" wekeni viazi vilivyopondwa na kuchujwa, ndizi, maboga. Na kuhusu vidonge mfamasia aulizwe, kuna dawa haziruhusiwi kusagwa.

Jaribu kwa watu

Kwa toleo la majaribio Beaton anataja watu 30 mpaka 40. Kwetu watumiaji ni manesi, kwa hiyo jaribuni kwa manesi wa wodi na zamu tofauti wakiwa na wagonjwa walioridhia (au ndugu zao kwa wasioweza). Baada ya kila mmoja kaa naye umuulize: hapa ulielewa nini, ungemwambia mama yako vipi, wapi ulisita. Wapi alisita ndo swali lenye faida kuliko yote. Usiulize "umeelewa?" atakuambia nimeelewa.

Usalama kabla ya yote: mgonjwa akae wima, angalau nyuzi 60, mdomo umesafishwa, mashine ya kunyonya makohozi iwe karibu na inafanya kazi, mtu wa pili awepo. Akikohoa, sauti ikibadilika au akishindwa kupumua vizuri, simama. Hakuna "tumalizie kijiko hiki tu".

Halafu namba

Kwanza makubaliano kati ya wapimaji. Mgonjwa asimezeshwe mara mbili mfululizo atachoka na matokeo yatabadilika, bora nesi mmoja apime na wawili waandike bila kuoneana. Tumieni kapa yenye uzito (weighted kappa, namba inayoonyesha wapimaji wamekubaliana kiasi gani zaidi ya bahati tu) kwa makundi manne ya ukali, inayozidi 0.60 ni nzuri, na muangalie kipengele kimoja kimoja pia kwa sababu jumla inaficha. Mara nyingi kinachobomoa ni sauti. Rekodini sauti, kwa ridhaa, mfundishie nazo.

Pili ni kulinganisha na kipimo kikuu, yaani ile kamera ya puani au eksirei ya video. Hospitali za aina hiyo zinahesabika, kwa hiyo panga mapema, na mlinganisho ufanyike karibu karibu, ndani ya siku hiyohiyo ikiwezekana, maana siku za mwanzo za kiharusi mgonjwa anabadilika haraka. Anayeangalia kamera asijue alama za GUSS. Kama kamera haipo kabisa, fanyeni mpaka makubaliano ya wapimaji, mchapishe hivyo, na mseme usahihi bado haujapimwa. Hiyo ni kazi halali. Isiyo halali ni kuandika "imethibitishwa" wakati mmetafsiri tu.

Angalieni pia idadi ya wenye shida, sio jumla tu. Mkiwa na wagonjwa 60 na wenye kupaliwa ni 10, mmoja akiwaponyoka unashuka kutoka 100% mpaka 90%, na hapo huwezi kusema kitu kwa uhakika.

Kuiweka wodini

Fomu iwe upande mmoja wa karatasi, upande wa pili maneno ya kumwambia mgonjwa na picha ya uma na kijiko. Ikae kwenye faili la kulazwa, sio kwenye kabati ya matroni. Kanuni moja juu kabisa kwa herufi kubwa: hakuna chakula, kinywaji wala kidonge kabla ya kupimwa, hata aspirini.

Na bango la kitandani liwe la Kiswahili, kwa sababu anayeleta uji hajui kifupi cha Kiingereza kilichoandikwa kwenye chati. "MGONJWA HUYU ASIPEWE KITU KWA MDOMO. MUULIZE NESI." Nesi amweleze ndugu kwa nini, kwa utulivu, kwamba hanyimwi chakula, anapewa kwa mpira wa puani mpaka koo lipate nguvu. Ndugu asipoelezwa atasubiri nesi aende wodi ya pili na atamlisha, kwa upendo kabisa.

Toleo lenu lipeni namba na tarehe chini ya ukurasa, mlitume kwa wenye kipimo huko Austria pamoja na ripoti ya hatua zote, na muache anwani ya taasisi pa kuletea marekebisho, kwa sababu manesi wa Tanga au Kisumu wakianza kuitumia watakuta neno ambalo nyinyi hamkulifikiria.